Mitishamba na ugonjwa wa kusahau: majibu kwa wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Barua kuhusu wazee wanaopoteza kumbukumbu zimekuwa nyingi katika safu hii, na nyingi kati yake zinauliza juu ya dawa za mimea. Tumechagua nne, tatu za Mkoa wa Mwanza na moja ya Kisiwa cha Ukerewe ambacho nacho ni sehemu ya mkoa huo huo. Majina ya waandishi yamehifadhiwa. Anayejibu ni mfamasia wa safu hii.

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mama yangu ana miaka 74 na tunaishi Igoma. Kwa zaidi ya mwaka sasa anarudia swali lile lile, anapotea njia akitoka sokoni, na hivi karibuni alimwita mjukuu wake kwa jina la kaka yake aliyefariki zamani. Kuna muuzaji anayepita stendi na unga wa manjano uliochanganywa na majani ya ginko. Anasema unazuia Alzheimer na kurudisha kumbukumbu, na kopo moja ni shilingi 35,000. Je, ipo mimea inayotibu ugonjwa huu, au tunaliwa fedha zetu? — Binti wa Igoma

Marahaba, binti, na pole kwa kumuuguza mama. Dawa za Alzheimer zilizotokana na mimea zipo, zinaandikwa na madaktari na zimepimwa kwa miaka mingi. Unga wa stendini haumo miongoni mwake, na nitaeleza kwa nini ninasema hivyo bila kusita.

Ugonjwa huu ulielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1906 na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, baada ya kuchunguza ubongo wa mwanamke aliyefariki akiwa amepoteza kumbukumbu. Aliona mabaki yaliyoganda nje ya seli na nyuzi zilizosokotana ndani yake. Leo tunajua kwamba mabaki yale ni protini iitwayo beta-amiloidi na nyuzi zile ni protini iitwayo tau. Baadaye, mwaka 1976, watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba ubongo wa mgonjwa hupungukiwa sana na uwezo wa kutengeneza asetilikolini, kemikali ambayo seli za ubongo huitumia kupelekeana habari, hasa zile za kumbukumbu na umakini. Ugunduzi huo wa pili ndio uliofungua mlango kwa mimea, kwa sababu tangu zamani zilijulikana kemikali za mimea zinazozuia kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini. Kimeng'enya kikizuiwa, kiasi kidogo cha asetilikolini kilichobaki hudumu kwa muda mrefu zaidi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni galantamini. Kemikali hii ilipatikana katika maua madogo meupe ya Ulaya ya jamii ya Galanthus, yanayochomoza mwishoni mwa majira ya baridi. Katika miaka ya 1950 mtaalamu wa dawa wa Bulgaria, Dimitar Paskov, aliongoza kazi ya kuifanya dawa, na mwanzoni ilitumika kwa magonjwa ya mishipa ya fahamu na misuli, pamoja na udhaifu unaobaki baada ya polio. Marekani iliidhinisha itumike kwa Alzheimer mwaka 2001. Hadi leo sehemu ya galantamini inayouzwa duniani hutoka katika maua mengine yenye undugu na hayo, yaitwayo narsisi (daffodil), yakiwemo yanayolimwa milimani huko Wales, ingawa inaweza pia kutengenezwa kiwandani bila ua lolote.

Lakini tazama jinsi inavyotumika. Mgonjwa huanza na miligramu 8 kwa siku, hupandishwa polepole baada ya wiki kadhaa, na hazidishi miligramu 24. Kasi ikizidi, huja kichefuchefu, kutapika, kukonda na mapigo ya moyo kwenda taratibu mno. Na faida yake, nasema kwa uaminifu, ni ya wastani: kwa baadhi ya wagonjwa hali hutulia au kushuka polepole zaidi kwa miezi kadhaa, wakati mwingine karibu mwaka, huku ugonjwa wenyewe ukiendelea chini kwa chini. Hata dawa mpya za sindano za lecanemab na donanemab, zilizoidhinishwa kikamilifu Marekani mwaka 2023 na 2024 na ambazo hazitokani na mimea, hupunguza kasi tu, na zinahitaji vipimo vya mara kwa mara vya ubongo kwa sababu zinaweza kusababisha uvimbe na kuvuja damu humo. Ikiwa dawa zenye gharama kubwa kiasi hicho haziahidi kurudisha kumbukumbu, mwenye kopo la shilingi 35,000 anayeahidi hivyo ana kazi kubwa ya kutuonyesha ushahidi wake.

Sasa nije kwenye vitu viwili vilivyomo katika kopo lile. Ginko ni mti wa China, na dondoo la majani yake limepimwa kuliko karibu mmea mwingine wowote katika suala hili. Jaribio kubwa la Marekani, lililochapishwa mwaka 2008, lilihusisha wazee 3,069 wenye miaka 75 na kuendelea. Nusu walipewa dondoo la ginko miligramu 240 kwa siku na nusu kidonge kisicho na dawa, nao wakafuatiliwa kwa takriban miaka sita. Waliopata demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, walikuwa 277 upande wa ginko na 246 upande wa kidonge kitupu. Ginko haikuzuia chochote. Jaribio jingine kubwa la Ufaransa lilitoa jibu hilo hilo mwaka 2012. Isitoshe, kwa mzee anayetumia aspirini au warfarini, ginko inaweza kuongeza hatari ya kutoka damu.

Manjano yana habari ndefu zaidi, na ninakiri kwamba yananivutia. Kiambata chake, kurkumini, huzuia beta-amiloidi kuganda katika vyombo vya maabara, na kwa panya waliobadilishwa vinasaba matokeo yalipendeza. Tatizo ni mwili wa binadamu. Kurkumini haiyeyuki vizuri katika maji, utumbo hunyonya kidogo tu, na hicho kidogo ini hukibadilisha haraka kabla hakijafika mbali. Huko California watu 36 wenye Alzheimer walipewa gramu mbili au nne kwa siku kwa wiki 24, au kidonge kitupu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2012 hayakuonyesha nafuu yoyote ya kumbukumbu. Kiasi kilichokutwa katika damu kilikuwa kidogo sana. Wapo wanaoshauri kuongeza pilipili manga ili kurkumini inyonywe zaidi, na ni kweli huongezeka, lakini piperini ya pilipili manga huweza pia kupandisha kiwango cha dawa nyingine anazomeza mzee. Vidonge vya manjano vyenye nguvu nyingi vimewahi kuharibu ini za watu. Manjano ya kwenye mchuzi na pilau hayana shida kwa watu wengi, lakini uwe mwangalifu unaponunua: nchini Bangladesh watafiti walikuta manjano yaliyotiwa rangi yenye madini ya risasi ili yang'ae, na risasi ni sumu ya ubongo huo huo unaotaka kuuponya.

Jambo ambalo ningelitanguliza kabla ya mmea wowote ni kujua kama mama ana Alzheimer kweli. Kusahau kwa mzee kuna sababu nyingi, na baadhi zinatibika au kudhibitiwa: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, sonona, kaswende ya muda mrefu, VVU, sukari isiyodhibitiwa, damu iliyovilia ndani ya fuvu baada ya kuanguka hata kama alianguka wiki nyingi zilizopita. Akichanganyikiwa ghafla ndani ya siku moja au mbili, hiyo ni dharura, na mara nyingi chanzo ni maambukizi kama UTI, nimonia au malaria. Anzeni kituo cha afya kilicho karibu, mpate rufaa kwenda Sekou Toure au Bugando, na mbebe dawa zote anazotumia, za hospitali na za kienyeji.

Fedha ya kopo itumie kwa vipimo hivyo na, ikithibitika ni demensia, kwa mambo yenye ushahidi ambayo hayana mvuto wa kibiashara. Wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako utafiti wa mwaka 2010 ulikuta demensia kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wenye miaka 70 na zaidi, wazee 34 wenye tatizo hilo walikusanywa katika vikundi vidogo vya mazungumzo, michezo, nyimbo na kukumbushana mambo ya zamani, na uwezo wao wa kufikiri uliongezeka. Hakuna aliyewauzia chochote.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha sita, Nansio. Mwalimu wetu wa kemia alisema dawa moja ya Alzheimer ina asili ya sumu ya Afrika. Sumu inawezaje kuwa dawa ya ubongo? Na kwa nini watafiti wasiwape wagonjwa mmea mzima badala ya kuuchambua? — Mwanafunzi wa Ukerewe

Marahaba. Mwalimu wako yuko sahihi. Sumu hiyo ni ya haragwe la Calabar, kusini mashariki mwa Nigeria. Zamani mtuhumiwa wa uchawi au uhalifu alilishwa maharagwe hayo. Akitapika na kupona alihesabiwa hana hatia, akifa hatia imethibitika. Mababu zetu upande huu wa bara walikuwa na mwavi wao kwa kazi hiyo hiyo, ingawa mti wa mwavi ni mwingine na sumu yake ni tofauti. Husemwa kwamba huko Calabar mwenye moyo mweupe alimeza kwa haraka na tumbo likakataa, ilhali mwenye hofu alikunywa kidogo kidogo na sumu ikapata nafasi ya kuingia katika damu.

Mwaka 1864 wakemia wa Ujerumani walitenga kiambata cha haragwe hilo, fisostigimini. Kazi yake ni ile niliyomweleza binti wa Igoma, kuzuia kimeng'enya kinachovunja asetilikolini. Kikizuiwa kupita kiasi, asetilikolini hufurika mwilini: mate na machozi hutiririka, misuli hukakamaa kisha kulegea, pumzi hukata. Kikizuiwa kwa kiasi kilichopimwa, upungufu wa asetilikolini hufidiwa. Sumu na dawa hapa ni kemikali moja kwa vipimo viwili. Mwaka 1935 mkemia Mmarekani mweusi, Percy Julian, pamoja na mwenzake Josef Pikl, walifanikiwa kuitengeneza maabara, kazi ambayo hadi leo hutajwa kwa heshima katika kemia. Fisostigimini yenyewe haikufaa kwa Alzheimer kwa sababu hudumu mwilini kwa muda mfupi na ina madhara mengi. Ndipo Marta Weinstock wa Jerusalem akaongoza utafiti wa kemikali zenye umbo linalofanana nayo lakini zilizorekebishwa, ikapatikana rivastigimini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2000. Leo hutolewa kama kidonge, na pia kama plasta inayobandikwa kwenye ngozi ili tumbo lisisumbuke.

Hapo liko pia jibu la swali lako la pili. Kiasi cha kiambata katika jani hubadilika kwa udongo, msimu, umri wa mti na namna ya kukausha. Mti mmoja ukiwa Ukerewe na mwenzake Bukoba, vikombe viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kuwa na nguvu tofauti kabisa. Kwa kiambata ambacho umbali kati ya dozi na sumu ni mdogo, kubahatisha ni hatari. Kisha kuna ukuta wa mishipa midogo unaolinda ubongo, ambao hukataa kupitisha kemikali nyingi, kwa hiyo kiambata kinachofanya maajabu kwenye kisahani cha maabara kinaweza kisifike kabisa mahali pa kazi. Panya nao hawaugui Alzheimer kwa asili yao, hutengenezwa waugue kitu kinachofanana nayo, na ndiyo maana habari za panya waliopona zimekuwa nyingi kuliko za watu.

Nikupe mifano miwili usome zaidi. Hupazini A hutoka katika mmea wa China wa jamii ya Huperzia, nayo ni kizuizi chenye nguvu cha kimeng'enya kile kile; katika jaribio la Marekani la watu 210 lililochapishwa mwaka 2011, dozi iliyokuwa ikipimwa hasa haikuleta nafuu. Mfano wa pili ni dawa ya mwani wa kahawia, ambayo China iliiidhinisha kwa masharti Novemba 2019 huku wataalamu wengi wakiwa na mashaka. Jaribio lake la kimataifa lilisimamishwa mwaka 2022 kabla ya kukamilika. Usikate tamaa kwa hayo. Kemia ya mimea inahitaji vijana wa Ukerewe.

SWALI: Heshima kwako. Mimi ni mganga wa tiba asili, Magu, nilirithi kazi kwa baba. Ninatumia mlonge, mwarobaini na mizizi mingine kwa wazee waliochanganyikiwa, na baadhi hutulia. Ningependa dawa yangu ipimwe, lakini naogopa wataalamu wataichukua na kuniacha mikono mitupu. Nifanye nini? — Mganga wa Magu

Asante kwa swali ambalo wenzako wengi hulikwepa. Kwanza, chunguza wale wanaotulia. Mzee aliyekuwa na homa, njaa, upungufu wa maji au usingizi mbaya atatulia akipata uji, maji na watu wa kukaa naye, na dawa yako itasifiwa kwa kazi ambayo pengine haikuifanya. Mlonge na mwarobaini vina viambata vingi vilivyoonyesha dalili njema kwa panya, lakini hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoidhinishwa kuwa dawa ya Alzheimer. Na uwe mwangalifu: vyote viwili vinaweza kushusha sukari, na mlonge unaweza kushusha shinikizo la damu, kwa hiyo mzee anayemeza metformini au dawa za presha anaweza kuanguka kwa kizunguzungu na wewe ukalaumiwa.

Kuhusu kupimwa, njia ipo kisheria. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliunda Baraza linalosajili waganga, vituo na dawa zao; anza kwa mratibu wa tiba asili katika halmashauri yako. Mkemia Mkuu wa Serikali huchunguza usalama wa sampuli. Taasisi ya Tiba Asili iliyoko Muhimbili ina wanabotania na wakemia wanaoshughulika na mimea ya nchi hii kwa miongo kadhaa, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, ina kituo hapo Mwanza. Jaribio lolote kwa wagonjwa lazima lipate kibali cha maadili na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Hofu yako ya kunyang'anywa ina msingi, maana historia ya dawa za mimea imejaa wenye maarifa walioachwa nje. Kwa hiyo kabla hujataja mizizi yako kwa yeyote, dai makubaliano ya maandishi ya kugawana faida. Tanzania ni mwanachama wa Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 inayohusu jambo hilo hasa. Na usijitangaze redioni kwamba unaponya. Tuliona mwaka 2011 magari yalivyopanga foleni kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500, na wapo wagonjwa walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa.

Kuna jambo moja ambalo mganga wa Usukumani ana uwezo nalo kuliko mimi na kuliko daktari yeyote. Familia inapokuletea bibi anayeongea peke yake usiku, anayetanga nje, ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa jikoni wa miaka mingi, na inakuuliza kama ni mchawi au nani kamroga, jibu lako linaweza kuokoa uhai wake au kuuweka hatarini. Katika mikoa yetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za namna hiyo. Ukiwaambia kwamba huu ni ugonjwa wa ubongo, watakusikiliza, kwa kuwa wamekuja kwako wenyewe.

SWALI: Baba yangu ana pumu na usingizi wake ni wa shida. Kila usiku anameza Piriton, na pumu ikimbana anavuta moshi wa majani makavu ya mnanaha. Sasa ameanza kusahau. Je, kuna uhusiano? — Msomaji wa Sengerema

Upo uwezekano mkubwa, na ningeanzia hapo. Mnanaha una atropini na skopolamini, kemikali zinazoziba mahali ambapo asetilikolini hufanyia kazi. Ndiyo maana hupanua njia za hewa, na ndiyo maana pia huleta kuchanganyikiwa, kuona vitu visivyokuwepo, kinywa kukauka na mkojo kuziba. Klorofeniramini, ambayo ndiyo Piriton, ina tabia hiyo hiyo kwa kiwango kidogo, na kwa mzee kiwango kidogo hicho kikirudiwa kila usiku kinatosha kuchosha kumbukumbu. Baba yako anafanyiwa kinyume kabisa cha kile ambacho galantamini humfanyia mgonjwa. Angalia pia kama ana prometazini au amitriptilini kati ya dawa zake, kwa maana zinaingia katika kundi hilo. Amitriptilini isikatishwe ghafla bila daktari.

Mnanaha auache leo. Pumu itibiwe kwa dawa za kuvuta zenye dozi inayojulikana, ambazo hazilevi ubongo, na usingizi utafutiwe chanzo chake, kwa kuwa pumu isiyodhibitiwa ndiyo humwamsha mtu usiku. Baada ya wiki chache bila dawa hizo mbili apimwe kumbukumbu upya, na daktari aelezwe kila kitu alichokuwa akivuta na kumeza, pamoja na tarehe aliyoacha. Ikiwa kabla ya hapo atapata homa ya ngozi kavu, mboni zilizopanuka na kuweweseka, mpelekeni hospitali mara moja na mseme wazi kwamba ametumia mnanaha.